Ala za Kale za Pwani (3): Siwa Aliyonyimwa Mwana Darini

Wiki iliyopita tuliziacha ngoma za Mwinyi Mkuu wa Unguja. Leo tupande kaskazini hadi visiwa vya Lamu, kwenye ala ambayo, kwa maoni yangu, haina mfano katika hazina zote za makumbusho ya pwani yetu: siwa, pembe kubwa ya kupulizwa.

Zilizo mashuhuri ni mbili. Ya Lamu ni ya shaba. Ya Pate ni ya pembe za ndovu, vipande vimeungwa na kunakshiwa hata vikapita urefu wa mita 2. Mwenye kuitazama mara ya kwanza hutafuta tundu la kupulizia kwenye ncha nyembamba, asilione. Liko ubavuni. Hapo mpigaji huweka midomo na kuitetemesha kama apigaye tarumbeta. Na kwa kuwa siwa haina vitundu vya vidole, sauti zake ni chache.

Si ala ya juzi. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi, mwandishi wa safari ile alizitaja pembe mbili za ndovu zenye nakshi, kimo cha mtu, zikipulizwa ubavuni katika msafara wa mfalme.

Mfalme, naam, kwa maana siwa haikutolewa kwa kila ngoma. Ilikuwa mwenzake kiti cha enzi. Ilisikika kwenye kutawazwa, na kwenye harusi na jando za wenye nasaba. Kumnyima mtu siwa kulikuwa kumwambia mbele ya mji mzima kwamba si mwenzetu. Habari za Pate humsimulia Mwana Darini, bibi wa ukoo mkubwa, aliyetaka kumfanyia mwanawe jando, siwa akanyimwa. Hakusihi. Alimwita Mwenyi Bayayi, sharifu na fundi hodari wa kuchonga, akanunua pembe, na fundi akamtengenezea siwa yake mwenyewe. Jando likafanyika, siwa ikalia.

Kisa hicho ndicho ningependa kukikuta kwenye kibao kando ya kila siwa iliyohifadhiwa. Vibao vya makumbusho hupenda kutaja urefu na karne. Lakini mtoto wa shule akijua kwamba mama mmoja alikataa kudhalilishwa, ataiangalia ile nakshi kwa jicho jingine kabisa.

Juma lijalo tutaigeukia siwa ya shaba ya Lamu, na jinsi mafundi walivyosubu shaba kwa kutumia nta.