Kuihoji Nafsi Wakati wa Wasiwasi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na ahali zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, leo tunapenda kueleza jambo linalosumbua nyumba nyingi, nalo ni wasiwasi. Wapo wanaodhani kuwa kila mwenye wasiwasi amepungukiwa na imani, na kwa ajili hiyo mwenye kuumia huona haya kusema. Wanavyuoni wetu wa zamani hawakuwa wote na rai hiyo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijria (934 Miladia), aliandika kitabu juu ya siha ya mwili na ya nafsi, akabainisha kuwa nafsi huugua kama mwili unavyougua, na kwamba fikira mbaya hutibiwa kwa fikira iliyo sahihi. Alipiga mfano wa bedui wa jangwani aliyeona ukungu kwa mara ya kwanza, akadhani ni kitu kigumu kisichopitika. Alipoingia ndani yake, hakukuta ila hewa yenye unyevunyevu. Hofu zetu nyingi ni ukungu wa namna hiyo.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Kijana amechelewa kurudi kutoka chuoni, na moyo wa mama yake umekwisha kumwambia: "Gari limepinduka." Hapo na aihoji nafsi yake. Je, ninayo habari, au ninayo dhana tu? Mara ngapi amechelewa, kisha akarudi salama? Ni sababu gani nyingine iwezayo kumchelewesha? Dhana ikihojiwa hivi hupungua nguvu. Kisha afanye lililo katika uwezo wake, kama kuwauliza wenzake kijana, na lililobaki amwachie Mola wake. Hiyo ndiyo tawakkul.

Al-Balkhi aliusia pia kwamba fikira njema ziwekwe akiba wakati wa utulivu, kama dawa iwekwavyo nyumbani kabla ya maradhi. Mwanafunzi asingoje usiku wa kuamkia mtihani ndipo atafute la kuijibu hofu yake.

Na wasiwasi ukizidi hata mtu asilale, asile, wala asiweze kazi, basi aende kwa daktari bila ya haya, kwani kutafuta tiba ni katika mafundisho ya dini yetu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azitulize nyoyo zetu. Amin.