Kutosha Kisiki: Neno Moja, Kazi Tatu

Katika Kiswahili cha Lubumbashi, mwenye kiwanja anayetaka kuondolewa mabaki ya mti uliokwisha kukatwa humwomba fundi "atoshe kisiki". Msomaji aliyezoea Kiswahili sanifu atashangaa kidogo, kwani kwake yeye kutosha ni kufikia kadiri inayohitajika. Kwa wenyeji wa Katanga neno hilo limetokana na kutoka. Maana yake ni kufanya kitu kitoke. Ni neno lenye nguvu, ila lina upungufu mmoja ambao makala haya yanakusudia kuueleza: halisemi kitu kitoke mpaka kina gani. Fundi aweza kulitimiza kwa kazi tatu zisizofanana hata kidogo, na tofauti yake huonekana baada ya nyumba kujengwa.

Kwanza yafaa kufahamu kisiki chenyewe. Gogo ni mti uliolala, umetengana na mizizi yake. Kisiki kimesimama, na mizizi bado ni yake. Ndiyo sababu kukiita mabaki ni kukidharau. Miti mingi huweka akiba ya wanga katika mizizi, na shina likikatwa akiba hiyo hutumika kutoa machipukizi mapya. Misitu ya miombo inayouzunguka mji wetu huishi kwa njia hiyo: wachoma makala hukata, na visiki vikiachwa bila kuchomwa wala kulimwa, huchipuka tena. Mkaratusi ni hodari zaidi, na wanaoupanda kwa ajili ya nguzo huutegemea utoe mavuno kadhaa juu ya kisiki kimoja. Kinyume chake, mnazi au mchikichi ukikatwa chini ya kilele chake hauchipuki tena, na misonobari mingi hali kadhalika. Basi swali la kwanza si ukubwa wa kisiki, bali ni kisiki cha mti gani.

Kazi ya kwanza ni kung'oa. Fundi huchimba mfereji kukizunguka kisiki, huikata mizizi ya pembeni kwa shoka, kisha hutafuta mzizi mkuu ulio chini. Mparachichi hauna taabu kubwa, maana mizizi yake mingi haishuki mbali. Mwembe uliooteshwa kwa kokwa ni habari nyingine: mzizi wake mkuu hushuka mita kadhaa, na wanaume wawili wenye sururu na mtaimbo waweza kuumalizia siku nzima bila kuuona mwisho. Wakati mzuri wa kazi hii katika nchi yetu ni mwisho wa masika, mwezi wa nne au wa tano, udongo ungali laini. Atakayengoja hadi mwezi wa nane atakuta udongo mwekundu umekauka kama tofali. Shimo linalobaki lijazwe kwa tabaka nyembamba, sentimita 15 au 20, na kila tabaka ishindiliwe kabla ya kuongezwa nyingine. Hapa ndipo wengi hufanya haraka, kwa sababu malipo ya kung'oa huwa yamekwisha kutolewa.

Kazi ya pili ni kusaga. Mashine yake ina gurudumu lililozungushiwa meno ya metali ngumu. Gurudumu huzunguka kwa kasi na kupitishwa kulia na kushoto juu ya kisiki, likikichonga kidogo kidogo mpaka kiwe vipande mithili ya mchanganyiko wa chenga na unga wa mbao. Mawe huondolewa kwanza, watu husogezwa mbali kwa sababu ya vipande vinavyoruka, na mabomba ya maji na nyaya zilizofukiwa hutafutwa mapema. Kazi ni ya haraka na kiwanja hakichimbuliwi. Lakini kwa kawaida mashine hushuka sentimita 15 hadi 30 tu chini ya uso wa ardhi. Mizizi iliyo chini na pembeni hubaki palepale. Lugha ya Kifaransa hapa imetutangulia: "rognage" ni kukisaga kisiki, na "dessouchage" ni kukitoa pamoja na mizizi. Mkataba ukiandikwa neno la kwanza, na mazungumzo yakawa ya kutosha kisiki, kila upande utaona umeelewa.

Kazi ya tatu ni kukiua kisiki na kukiacha kioze, au kukichoma. Moto ni rahisi kuuwasha, ila huingia katika mizizi na kutambaa chini ya ardhi kwa siku nyingi bila kuonekana. Karibu na nyumba si shauri jema.

Kwa nini kina ni jambo kubwa hivyo? Ubao uliofukiwa huoza, na mchwa, ambao vichuguu vyao vikubwa ni alama ya mandhari ya Katanga, huula na kuacha uwazi. Ukuta ukijengwa juu yake, msingi hupoteza mahali pa kuegemea, udongo hulowa kwa mvua na kutitia, na nyufa hutokea. Mwenye nyumba hulaumu saruji au mwashi, kumbe kasoro ilifukiwa kabla ya tofali la kwanza. Familia nyingi hujenga kidogo kidogo kwa akiba ya miaka. Kwao ufa kama huo si upungufu wa sura tu. Aidha, mchwa aliyeshiba kisiki yu karibu na milango na mbao za paa.

Kwa bustani hukumu ni tofauti, na kusaga kwatosha, kwa maana ya Kiswahili sanifu safari hii. Lakini chenga zisichanganywe na udongo wa mboga mara moja: ubao una kaboni nyingi na nitrojeni kidogo sana, hivyo vijidudu vinavyouozesha hunyang'anya nitrojeni ya udongo na majani ya mboga hugeuka manjano. Zitandazwe juu, au zirundikwe pamoja na samadi mpaka zioze. Anayetaka kupanda mti mwingine ajue pia kwamba kuvu iitwayo Armillaria huishi katika mizizi iliyokufa na kuhamia miti iliyo hai. Wakulima wa chai katika Afrika ya Mashariki na ya Kati waliijua hasara hiyo zamani, wakaanza kubandua gome kuuzunguka mti kabla ya kuukata, ili akiba ya wanga katika mizizi iishe kwanza.

Kwa hiyo mwenye kiwanja amweleze fundi mambo mawili kabla ya kupatana bei: ni kitu gani kitakachosimama mahali pale, na kisiki kitoke mpaka sentimita ngapi. Pakikusudiwa ukuta, mizizi minene iliyo chini ya mstari wa msingi ifuatwe na kutolewa yote, na shimo likaguliwe likiwa bado wazi.