Kwa nini chambo hai kinakufa kwenye ndoo kabla ya kutegwa

Kwa mvuvi wa migonzo Ziwa Victoria, chambo kilichokufa ni hasara ya wazi. Sangara huwinda kinachocheza, ndiyo maana ndoano nyingi hutegwa kwa furu au kambale wadogo walio hai. Ukifika mbali ukakuta nusu ya ndoo wanaelea matumbo juu, mafuta ya injini umeshachoma na ndoano bado tupu.

Wengi husema samaki walikuwa dhaifu. Mara nyingi tatizo ni maji.

Kwa usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye nyuzi 20 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni. Yakipanda hadi nyuzi 30 yanabaki na 7.5 hivi, na kwenye ziwa hili, lililo zaidi ya mita 1,100 juu, ni pungufu zaidi. Shida ni kwamba maji yakiwa ya moto samaki naye anahitaji hewa nyingi zaidi. Ndoo ikikaa juani, unambana pande zote mbili.

Hapo kambale na furu wanaachana. Kambale ana kiungo cha ziada kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo ukimwona anapanda na kushuka usishtuke. Ila usijaze dumu hadi mdomoni ukafunga kifuniko, utamnyima hiyo hewa. Furu hana ujanja huo. Furu wakijazana juu wakihema, punguza idadi au badilisha maji fasta. Pampu ndogo ya hewa ya betri inasaidia sana. Kama huna, chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu, mara kwa mara.

Adui wa pili haonekani: amonia, uchafu ambao samaki huutoa hasa kupitia matamvua. Usiwalishe siku moja kabla ya safari, maana tumbo tupu huchafua maji kidogo. Toa waliokufa mapema. Unapobadilisha maji, toa theluthi moja, kisha ongeza mapya taratibu yenye joto linalokaribiana.

Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye chombo wazi saa 24 kwanza. Na dumu lililowahi kubeba petroli au dawa ya shambani? Hata ulisugue vipi, achana nalo.

Tenganisha wakubwa na wadogo pia, kambale hulana wao kwa wao bila aibu. Ukiwashika, lowesha mikono, kwani mkono mkavu huondoa ute unaomkinga samaki na magonjwa.

Kuna jambo kubwa zaidi ya ndoo yako. Chambo kikiisha njiani, kishawishi ni kukokota kokoro ufukweni kutafuta kingine, nyavu ambazo Tanzania imezipiga marufuku kwa sababu huzoa hadi samaki wachanga. Vifaranga vya kambale kutoka mabwawani ni njia safi zaidi, lakini hivyo unavinunua, kwa hiyo kila kinachokufa ni pesa yako.

Waliobaki jioni usiwalaze kwenye ndoo. Waweke kwenye kizimba kidogo cha wavu wenye matundu madogo, ukifunge kivulini pale maji yanapopita.