Kulala na Kusafiri katika Bao la Kiswahili

Katika bao la Kiswahili, lenye kete 64, kila mchezaji huanza na kete 6 katika nyumba, shimo la tano kutoka kushoto, mstari wa mbele. Wakati wa namua, akila na kete yake ya mwisho ikaangukia katika nyumba ambayo ingali nzima, ana hiari alale au asafiri, yaani azitawanye kete zake zote. Kulala ni neno la kumaliza zamu yoyote. Safari ni ya nyumba peke yake. Nyumba iliyolala, ikiwa shimo la mpinzani linaloielekea lina kete, yaweza kuliwa yote mara moja. Nyumba iliyosafiri yaweza kula njiani, lakini imekwisha vunjika, wala haiwi nyumba tena. Mchezaji hodari huhesabu kwanza safari itaishia wapi. Ikiishia katika shimo tupu pasipo kula, hulala, isipokuwa nyumba yenyewe i karibu kuliwa.