Bunduki Inayofundisha Kutulia

Bunduki ina jina baya katika Bonde la Ufa, wala haikusingiziwa. Imepora mifugo, imesimamisha magari ya abiria usiku, imeacha wajane na mayatima. Mtu akisema kwamba vijana wa Mai Mahiu wangefaidika wakifundishwa kulenga shabaha, wazazi wengi watamtazama kwa shaka, na wana haki ya kushuku. Hata hivyo nasema hivyo, tena kwa moyo wote, kwa sababu ukiuchunguza mchezo wenyewe utaona unajenga tabia iliyo kinyume kabisa na ya jambazi. Jambazi huitumia bunduki kuwatawala wengine, ilhali mlenga shabaha hashindi mpaka kwanza ajitawale mwenyewe.

Tuanze na kinachotendeka wikendi ya mashindano, kwa maana wengi wetu mchezo huu tumeuona kwenye filamu tu, na filamu hudanganya. Nchini Kenya, mahali panapojulikana sana kwa shughuli hii ni renji ya Stoni Athi, kaunti ya Machakos. Bendera nyekundu hupandishwa kwanza ili kila aliye karibu ajue kwamba risasi zitapita. Washindani huitwa kwa zamu. Anayeingia mstarini hulala kifudifudi, mkanda wa ngozi ukiwa umekaza mkono wake wa kushoto, koti zito likipunguza mtikisiko wa mapigo ya moyo. Katika mtindo wa jadi hakuna darubini juu ya bunduki. Kuna tundu dogo nyuma na duara mbele, na jicho huvipanga viwili hivyo juu ya doa jeusi lililo mbali. Mshindani huruhusiwa risasi mbili za kujaribia, kisha zinazofuata huhesabiwa. Kila risasi ikipiga, wasaidizi waliojificha ndani ya handaki huteremsha shabaha, huchomeka kibandiko pale ilipotoboka, na huipandisha tena ili aliyefyatua aone kosa lake waziwazi. Pointi za mshindani huandikwa na mpinzani aliyelala kando yake, na za mpinzani huyo huandikwa na yeye. Hakuna mchezo wa mpira ninaoujua ambao ungethubutu kumkabidhi mpinzani kazi ya kuandika mabao.

Utaratibu huu una historia ndefu. Mwaka 1860, huko Wimbledon, Uingereza, Malkia Victoria alifyatua risasi ya kwanza ya shindano lililopewa jina lake, na tangu 1890 shindano hilo hufanyika Bisley, kusini magharibi ya London. Raundi za mwanzo hupigwa kutoka yadi 300, 500 na 600. Kati ya mamia wanaoanza, 100 tu huingia fainali, na huko kila mmoja hupiga risasi 15 kutoka yadi 900 na nyingine 15 kutoka yadi 1,000, yaani karibu mita 914. Mshindi hubebwa juu ya kiti mabegani mwa wenzake.

Kwa umbali huo adui mkubwa ni upepo, na hapa ndipo watu wa Mai Mahiu wangeuelewa mchezo huu haraka kuliko wengine. Risasi ya milimita 7.62 huchukua takriban sekunde moja na nusu kufika yadi 1,000, na upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni unaweza kuisukuma karibu mita mbili kando. Jicho kali pekee halitoshi. Lazima mtu asome majani, vumbi, bendera, na mazigazi yale yanayochezacheza juu ya ardhi iliyopata joto. Ukiyatazama kwa darubini ya pembeni, mazigazi huegemea upande upepo unakoelekea. Yakichemka kwenda juu wima, huenda upepo umetulia au unakujia uso kwa uso, na mara nyingi huo ndio wakati unapokaribia kugeuka. Mlenga shabaha mzoefu huogopa kufyatua wakati huo. Dereva wa lori aendaye Narok ameyaona mazigazi hayo mchana kutwa kwenye barabara ya kuelekea Suswa, na mchungaji aliye chini ya Longonot anajua kwamba hewa tulivu ya asubuhi si ile inayopanda ukuta wa bonde jua likishakuwa kali. Mwinuko nao una neno lake. Hewa ya huku juu ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo bunduki iliyorekebishwa Mombasa itapiga juu kidogo ikiletwa huku bila kurekebishwa tena.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mapambo, na kwamba kumfundisha kijana kulenga ni kumfundisha kuua. Hoja hii nzito haijibiwi kwa maneno matamu. Nakubali kwamba ustadi ni ustadi, na kwamba bunduki ya mashindano inaweza kuua. Lakini tuangalie mahali. Kwenye renji, msimamizi akitoa amri ya kusimamisha, kila mtu huacha papo hapo, hata kama sekunde zake zinapotea. Bolti hufunguliwa, na kijiti cha rangi huchomekwa kwenye chemba kuonyesha kwamba ni tupu. Anayeelekeza mtutu pasipostahili huondolewa, awe bingwa au mgeni. Nje ya renji, sheria ya Kenya ya silaha inamtaka raia awe na kibali na ajulikane na mamlaka. Bunduki zinazoiangamiza nchi ni zile zisizo na jina wala kibali, zinazobadilishana mikono gizani. Kijana aliyezoea kuhesabiwa kila risasi amefundishwa jambo ambalo genge haliwezi kulivumilia, nalo ni kuwajibika.

Wengine watasema ni mchezo wa wazungu na matajiri. Ni kweli kwamba ulikuja na ukoloni. Kenya ilipeleka walenga shabaha katika Olimpiki ya Roma ya 1960, kabla ya uhuru, na mlango wa mchezo huo wakati ule haukuwa wazi kwa kila Mkenya. Bunduki za masafa marefu bado ni ghali, na kila risasi ni pesa inayotoka kinywani mwa mtutu. Ila mchezo wenyewe haubagui kwa misuli wala kwa jinsia. Mwaka 1930 shindano kuu la Bisley, ambalo wakati huo liliitwa la Mfalme, lilinyakuliwa na Marjorie Foster, mwanamke mfugaji wa kuku, mbele ya wanaume. Mwaka 2008 Abhinav Bindra aliipatia India dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki ya mtu mmoja mmoja, kwa bunduki ya hewa.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la ardhi. Risasi ya bunduki ya masafa marefu huweza kuruka kilomita kadhaa, kwa hiyo renji inahitaji kilima cha kuizuia na eneo kubwa lisilo na watu wala ng'ombe. Katika nchi ya wafugaji, maneno hayo yana uchungu. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kuwalipa pauni milioni 4.5 Wamaasai na Wasamburu 228, kwa ajili ya majeraha na vifo vilivyotokana na mabomu yaliyoachwa kwenye viwanja vya mazoezi ya kijeshi kaskazini ya nchi. Yale yalikuwa mabomu ya jeshi, wala hayafanani na risasi za michezo, lakini mchungaji hana sababu ya kuamini tofauti hiyo mpaka aonyeshwe. Kwa hiyo sitetei renji ya yadi 1,000 kati ya Suswa na Longonot, mahali ambapo malisho yanazidi kupungua na kila ekari ina wadai wake.

Ninachotetea ni kidogo zaidi, nacho kinawezekana. Bunduki ya hewa ya Olimpiki hupigwa ndani ya ukumbi, mita 10 tu kutoka kwenye shabaha. Punje yake ya risasi ina upana wa milimita 4.5, na doa la pointi kumi ni nusu milimita. Mshindani husimama wima na kupiga mara 60. Hakuna ng'ombe wa kuhamishwa, na mahitaji makubwa ni ukuta imara wa nyuma, taa nzuri, kabati lenye kufuli, mkufunzi aliyefuzu na kibali cha mamlaka. Mwaka 2022, huko Birmingham, ulengaji shabaha uliondolewa kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa mara ya kwanza tangu 1970, na njia ya vijana wetu kwenda mashindano makubwa imezidi kuwa nyembamba. Olimpiki bado ipo. Serikali ya Kaunti ya Nakuru na walimu wa michezo wa Naivasha na Mai Mahiu, mnapochora ukumbi ujao wa shule au wa jamii, tengeni mita hizo 10.