Kumfuata Daktari Kazini: Hatua ya Kupambanua Wito wa Udaktari wa Osteopathia



Wapendwa waamini, katika jumuiya zetu zinazosali kwa Kiswahili hapa Marekani, wazazi hutuletea mara kwa mara swali moja. Mtoto wao amefanya vizuri katika biolojia na kemia, naye anatamani kuomba nafasi katika chuo cha udaktari wa osteopathia. Kisha anaambiwa kwamba alama nzuri hazitoshi. Sharti aonyeshe kuwa amewahi kumfuata daktari kazini na kushuhudia kwa macho yake namna anavyowahudumia wagonjwa. Familia nyingi zilizofika hapa kwa njia ya ukimbizi au uhamiaji hazina daktari katika ukoo wala jirani wa kumpigia simu. Je, kijana huyu aanzie wapi? Tumeona vyema kulifafanua jambo hili kwa utaratibu, kwa sababu ukosefu wa taarifa usiwe ukuta unaomzuia kijana kuitika wito alioitiwa na Mungu.

Osteopathia ni udaktari kamili

Kwanza tuondoe wasiwasi unaozigusa familia nyingi. Katika Uingereza na nchi kadhaa nyingine, mtu aitwaye osteopathi hutibu hasa mgongo, viungo na misuli, naye si daktari wa tiba. Ndiyo maana ndugu walioko nyumbani wakisikia neno hilo huweza kudhani kwamba kijana ameacha udaktari na kushika kazi nyingine. Hapa Marekani mambo ni tofauti. Mhitimu mwenye herufi D.O. baada ya jina lake ni daktari kamili, sawa na mwenye herufi M.D. Anaruhusiwa kuandika dawa, kufanya upasuaji na kubobea katika tawi lolote la tiba, katika majimbo yote 50 ya nchi hii. Tangu mwaka 2020 mafunzo ya ubingwa kwa wahitimu wa pande zote mbili yamo chini ya mfumo mmoja wa ithibati.

Mwanzilishi wa tiba hii ni Andrew Taylor Still, aliyezaliwa mwaka 1828 huko Virginia. Mwaka 1864 alifiwa na watoto wake watatu kwa homa ya uti wa mgongo, na dawa za wakati ule, ambazo nyingi zilikuwa na zebaki na sumu nyingine, hazikuwafaa kitu. Msiba huo ulimsukuma kutafuta njia nyingine ya kumtazama mgonjwa. Mwaka 1892 alifungua shule yake katika mji wa Kirksville, Missouri, na tangu darasa la kwanza wanawake walipokelewa pamoja na wanaume. Msingi wa mafundisho yake ni kwamba mwanadamu ni mmoja katika mwili, akili na roho, na kwamba mwili una uwezo wa kujiponya ukisaidiwa ipasavyo. Kwa sababu hiyo, wanafunzi wa osteopathia hujifunza yote yanayofundishwa katika vyuo vingine vya tiba, kisha huongezewa mafunzo ya kutumia mikono kuchunguza na kutibu mifupa, misuli na viungo.

Vyuo vikuu vya Kikatoliki navyo vimeingia katika utume huu. Marian University cha Indianapolis kilifungua chuo chake cha osteopathia mwaka 2013, University of the Incarnate Word cha San Antonio mwaka 2017, na Duquesne University cha Pittsburgh mwaka 2024.

Kwa nini vyuo huuliza jambo hili

Mseminari hapewi daraja takatifu kwa sababu tu amefaulu falsafa na teolojia. Hupelekwa parokiani kwa uchungaji, aishi na paroko, aone mazishi, ugomvi wa ndoa, hesabu za sadaka na usiku wa kuitwa kwa mgonjwa. Huko ndiko anakotambua kama anaupenda upadre wenyewe au anapenda tu picha yake. Kumfuata daktari kazini kuna shabaha iyo hiyo. Kijana anaona siku ndefu, makaratasi mengi, mgonjwa mwenye hasira, na habari mbaya ambayo haina budi kusemwa. Akitoka hapo na bado anautaka udaktari, hamu yake imepita katika tanuru.

Kwa waombaji wa osteopathia lipo jambo la ziada. Vyuo hupenda kujua kwamba mwombaji anaifahamu tiba hii, wala hakuichagua kwa kuwa tu amekosa nafasi kwingine. Vyuo vingi hutaka au hupendelea barua ya daktari inayomshuhudia mwombaji; vingine hutaka daktari huyo awe D.O., vingine humpokea pia M.D. Hakuna idadi moja ya saa inayokubaliwa na vyuo vyote. Basi kijana asome masharti ya kila chuo mapema, kwa kuwa mfumo wa pamoja wa maombi, unaotumiwa na karibu vyuo vyote vya osteopathia, hufunguliwa kila mwaka mwanzoni mwa mwezi Mei. Anayeanza kumtafuta daktari mwezi Aprili amechelewa. Inafaa aanze walau mwaka mmoja kabla.

Mahali pa kuanzia

Mahali pa kwanza ni karibu kuliko tunavyodhani. Kila familia iangalie herufi zinazofuata jina la daktari wake. Wapo wagonjwa waliotibiwa na daktari wa osteopathia miaka mingi bila kujua, kwa maana sehemu kubwa ya madaktari hao wako katika huduma ya afya ya msingi. Daktari anayeifahamu familia ndiye mlango mwepesi zaidi kugongwa.

Pili, Shirikisho la Madaktari wa Osteopathia la Marekani linayo orodha ya madaktari katika intaneti, ambamo mtu hutafuta kwa mji na kwa tawi la tiba. Majimbo mengi ya nchi yana vyama vyake vya osteopathia, na baadhi ya vyama hivyo huwasaidia wanafunzi kupata daktari wa kumfuata. Tatu, kijana aliye chuoni amwone mshauri wa wanafunzi wanaojiandaa kwa udaktari, na aulizie chama cha wanafunzi wenye nia hiyo. Nne, hospitali, zikiwemo za Kikatoliki, zina ofisi ya watu wa kujitolea. Anayehudumu huko kwa uaminifu miezi kadhaa, akisukuma viti vya wagonjwa au kuwapokea wageni, hufahamika kwa madaktari, na ombi lake halitoki kwa mgeni.

Tano, Kanisa lenyewe. Katika majimbo mengi ya Kanisa nchini humu huadhimishwa kila mwaka Misa Nyeupe kwa ajili ya madaktari, wauguzi na wahudumu wa afya, mara nyingi karibu na tarehe 18 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Luka, ambaye Mtume Paulo anamtaja katika Waraka kwa Wakolosai kuwa ni tabibu. Misa si mahali pa kugawa barua za maombi. Hata hivyo, baada ya ibada watu husalimiana, na kijana mwenye adabu akijitambulisha atasikilizwa.

Namna ya kuomba

Ombi liwe fupi. Kijana aseme yeye ni nani, anasoma wapi, kwa nini anataka kumfuata daktari wa osteopathia, ni siku zipi anaweza kufika, na kwamba yu tayari kutimiza masharti yote. Asiombe miezi mitatu. Aombe siku moja au mbili. Daktari akiridhika naye, mwenyewe atamwambia arudi. Asipopata jibu baada ya wiki mbili, akumbushe mara moja kwa heshima, kisha aende kwa mwingine. Kukataliwa kutakuwapo, na mara nyingi sababu ni taratibu za hospitali wala si dharau. Ajihadhari pia na wanaouza nafasi hizi kwa fedha nyingi. Madaktari wengi huwapokea vijana bure, kwa kuwa nao walipokelewa hivyo.

Mwenendo mbele ya mgonjwa

Kabla ya siku ya kwanza, kijana ataulizwa chanjo zake na kipimo cha kifua kikuu, na atatia sahihi ahadi ya kutunza siri. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 inalinda taarifa za afya za kila mtu. Kwa hiyo hapigi picha, hasimulii chumbani kwa wenzake, haandiki chochote mtandaoni. Siri ya maungamo ni ya namna yake na hailingani na nyingine yoyote. Lakini sisi tuliolelewa tukiiheshimu tunaelewa haraka kwa nini mgonjwa akivua nguo na kueleza aibu yake anastahili kulindwa.

Kazi ya anayefuata ni kutazama na kusikiliza. Hamgusi mgonjwa, hatoi ushauri, haulizi maswali mbele yake pasipo ruhusa. Mgonjwa ana haki ya kumkataa, wala halazimiki kutoa sababu, na kijana atoke nje bila kununa. Hapa tunasema pia nanyi waamini ambao siku moja mtaulizwa kama mnaridhia mwanafunzi aingie. Mkikubali, mnashiriki katika malezi ya daktari wa kesho. Mkikataa, hamtendi dhambi yoyote.

Jioni, kijana aandike katika daftari tarehe, saa alizokaa, jina la daktari na alilojifunza, pasipo jina la mgonjwa hata mmoja. Daftari hilo litamsaidia kujaza fomu na kujibu maswali ya usaili. Na baada ya siku yake ya mwisho aandike barua ya shukrani.

Angalizo kuhusu hospitali za misheni

Baadhi ya vijana hufikiri kwamba njia ya mkato ni kwenda likizo Tanzania, Kenya au Kongo, mahali ambapo mjomba au padre mmoja anafahamiana na mganga mkuu wa hospitali ya misheni. Kwenda kuona ni jambo jema. Lakini wapo wageni waliopewa sindano na nyuzi za kushona vidonda, hali hawajasoma hata mwaka mmoja wa tiba. Jambo hilo ni baya. Lisiloruhusiwa kwa mgonjwa wa Ohio haliwezi kuruhusiwa kwa mgonjwa wa Kigoma, kwa kuwa wote wawili wameumbwa kwa sura na mfano wa Mungu. Umaskini wa mgonjwa haumpi mtu yeyote kibali cha kujifunzia juu ya mwili wake. Tena kijana anayejisifu kwa matendo hayo katika maombi yake anaweza kukataliwa kwa sababu hiyo hiyo.

Wajibu wa wazazi na parokia

Wazazi wapendwa, tunafahamu kwamba vijana wengi hufanya kazi usiku ili kusaidia kodi ya nyumba, na kwamba saa zisizo na malipo ni mzigo. Kazi ya msaidizi wa muuguzi huleta mshahara na huwaweka vijana karibu na wagonjwa. Vyuo huithamini, ingawa huihesabu tofauti na kumfuata daktari. Tunawasihi mwachieni kijana walau siku moja kwa juma, na mwenye gari ampeleke. Vivyo hivyo, kijana aliyekuwa mkalimani wa bibi yake kliniki tangu utotoni asione haya kulieleza hilo katika maombi. Si badala ya kumfuata daktari, lakini ni ushuhuda wa kweli.

Tena, kijana akirudi na kusema, "Baba, Mama, nimeona, kazi hii si yangu," msimwone kuwa ameiaibisha familia. Mseminari anayeondoka seminarini kwa dhamiri safi hajashindwa, ametambua. Heri kulijua hilo baada ya siku kumi za kutazama kuliko baada ya miaka minne ya masomo na deni kubwa.

Nanyi madaktari mnaosali pamoja nasi, iwe ninyi ni D.O. au M.D., fikirini ni nani aliyewafungulia mlango mlipokuwa vijana. Yoshua bin Sira anatufundisha kumheshimu tabibu, kwa kuwa hekima yake hutoka kwa Aliye Juu. Kilichopokewa bure hutolewa bure. Jina lako likiwa mikononi mwa paroko, pamoja na siku mbili ambazo uko tayari kumpokea kijana mmoja, tayari umefanya kazi kubwa kuliko mahubiri yetu.

Mtakatifu Luka, mwinjili na tabibu, atuombee.