Kwa Nini Intaneti ya Ndegeni Husitasita
Ukisafiri safari fupi za Ulaya, huenda intaneti ya ndegeni inatoka kwenye minara ya ardhini. Kazi ngumu ya minara hiyo ni muda. Kila mtumiaji ana zamu yake ya kutuma, na mawimbi ya redio huenda kilomita 300 kwa milisekunde moja. Aliye mbali huamriwa kutuma mapema kidogo, asigongane na zamu ya mwenzake. Anayetembea kwa miguu hasumbui. Ndege ya kilomita 900 kwa saa husogea mita 250 kila sekunde, basi hurekebishwa tena na tena. Kasi hiyo hubadilisha hata masafa ya mawimbi, kama king'ora cha ambulansi kinavyobadilika sauti kikikupita (sisi wauguzi tunakijua).

Mama alipopasuliwa Tanga, nilikuwa angani kuelekea Athens. Simu ya video ilikatika mara tatu. Maandishi ya kaka yalifika: "Ametoka, anaongea."

Ndege ikihama mnara, muda hupatanishwa upya, na hapo intaneti huweza kukwama. Maandishi yakipotea hutumwa tena yenyewe, video haisubiri. Mwenye mgonjwa nyumbani awaambie ndugu kabla ya kupanda ndege: waandike, wasipige.